Kaka Yangu na Moyo wa Baba

Kaka yangu hali chumvi. Hajaila tangu baba afariki, na hilo ni jambo la miaka thelathini na ushei. Ukimkaribisha chakula, kwanza huuliza, kisha huonja kwa ncha ya ulimi, kisha hukurudishia sahani taratibu kama aliyegundua njama. Harusini huenda na kopo lake la chakula chini ya kwapa. Ameniaibisha Msuka nzima, kijiji chetu hapa Pemba, na Makangale pia, maana huko ndiko alikooa.

Baba alianguka asubuhi uani, ameinama anatandaza karafuu kwenye jamvi. Mama alidhani ameinama kuokota kokoto. Baba alikuwa na miaka arobaini na minane. Ndugu yake mkubwa alikwenda hivyo hivyo kabla yake, na baba yao pia, ndio kwanza ametoka kuswali alfajiri. Kijijini watu walisema yote wanayoyasema, jini, hasidi, mpaka daktari mmoja aliyekuwa akizungukia vituo vya afya akamwita kaka pembeni na kumwambia kwamba kwetu tuna moyo wa kurithi, kwa hiyo apunguze chumvi na asijichoshe. Alizungumza naye dakika tano, akapanda gari akaenda zake. Kaka hajapona dakika tano zile mpaka leo.

Aliacha mpira. Aliacha kupanda mikarafuu, naye alikuwa mchumaji ambaye watu walikuwa wakimgombania msimu ukifika. Mikarafuu aliyoachiwa na baba huchumiwa na watu wengine, na yeye hukaa chini, kidole kwenye mshipa wa mkono, anahesabu mapigo. Kila asubuhi hunywa maji ya kitunguu thomu, ndio maana ukikutana naye humkaribii. Sanda yake iko kabatini, na kila mwaka huitoa kuianika juani isiliwe na mende. Alipotimiza miaka arobaini na minane alijifungia ndani karibu mwaka mzima. Alipotimiza arobaini na tisa alitoka amekasirika, sijui kamkasirikia nani.

Mimi ni nesi. Nina miaka ishirini na sita kwenye kazi hii, na nusu ya miaka hiyo nimeitumia kumsihi mtu huyu aende akapimwe kwa vyombo badala ya kujipima kwa kidole. Jibu lake halikubadilika hata siku moja.

"Nende nkaambiwe nlijualo?"

Huku mimi nakula chumvi. Nakula ng'onda, samaki mkavu wa chumvi, nakula achari, nakula embe mbichi ya chumvi na pilipili nimesimama mlangoni pa kituo. Kwetu ilijulikana kwamba moyo wa baba unawafuata wanaume. Wagonjwa wangu nilikuwa nikiwaambia kwamba moyo hauchagui mume wala mke, na nikilisema hilo kwa sauti kali, kisha narudi nyumbani kula ng'onda wangu.

Ndipo wakaja watafiti. Walitaka manesi wa kukusanya damu vijijini, nikachaguliwa, tukapewa mafunzo ya siku tatu Tibirinzi kwenye ukumbi usiopita upepo. Msimamizi wetu, dada mmoja msomi kutoka Dar es Salaam, alitueleza vizuri na ninamshukuru kwa hilo. Alisema mwili ukiumia au ukiingiliwa na wadudu huwasha moto wa kujitetea, ndio ule uvimbe, ule wekundu, lile joto. Kazi ikisha, moto huzimika. Lakini wapo watu waliozaliwa na vinasaba vya namna ambayo moto wao hauzimiki vizuri, unafuka chini kwa chini miaka nenda miaka rudi, na mishipa ya moyo ndiyo inayoumia. Tena namna hizo za vinasaba hazikugawiwa sawasawa duniani. Iliyo nyingi kwa watu wa upande mmoja huwa adimu kwa wengine, na inayoashiria hatari kule huenda huku isiwe na maana yoyote. Hesabu nyingi za kukadiria nani moyo utamsumbua zimetungwa kwa damu za Wazungu. Sasa walitaka kuijua na ya kwetu, hasa kwenye familia ambazo mtu amefariki ghafla.

Nililipenda jambo lile. Fomu yake ndiyo iliyonitoa roho. Ilikuwa ya kurasa kumi na moja, na ukurasa wa pili ulikuwa na visanduku vya asili: Mwafrika, Mwarabu, Mhindi, Mchanganyiko, Nyingine. Aliyeitunga hajapata kukaa barazani Pemba. Nyumba ya kwanza niliyoingia, bibi mmoja aliniambia niandike Mwarabu. Kaka yake, aliyekaa naye mkeka mmoja, akasema aandikwe Mshirazi. Mdogo wao akasema upuuzi mtupu, yeye ni Mpemba na kama hakuna kisanduku nichore. Ndugu watatu wa tumbo moja, na kila mmoja kakasirika na mwenzake, na mimi nimesimama katikati na sindano. Nilimpigia msimamizi, akaniambia mhojiwa achague mwenyewe. Nikamwambia wameshachagua, ndio ugomvi wenyewe. Mwisho nikawaandika wote Nyingine, na nyumba zote zilizofuata nikafanya hivyo hivyo.

Ukurasa wa saba ulikuwa wa jamaa. Kabla ya kuingia nyumba za watu nilikuwa nimeanza na familia yetu, ili watu waone kwamba hata nesi katolewa damu. Nilidhani kaka atakataa, lakini aliposikia kwamba hii ni habari ya baba, alikubali pale pale. Alikuja kituoni amevaa kanzu ya Idi na kofia ya kazi ya mkono, akaketi mbele ya meza yangu, akanisimulia kifo cha baba mwanzo mpaka mwisho kama vile mimi ni mgeni niliyefika jana kwa boti. Nikaandika kila neno, maana ndio utaratibu.

"Uhusiano wako na marehemu?" nikamuuliza.

"Ntoto wake wa kwanza," akasema, na akajiweka sawa kitini.

Nikaandika. Chini yake palikuwa na uhusiano wake na mimi. Nikatia alama kwenye ndugu wa damu, baba mmoja, mama mmoja. Nilitia bila ya kufikiri, na nataka hilo lieleweke, kwa sababu wapo watakaouliza kama nilikusudia.

Miezi ikapita. Siku moja msimamizi akanipigia simu, sauti yake laini mno, na mtu wa Dar akilainisha sauti hivyo ujue kuna jambo.

"Dada, samahani. Vichupa vya familia yenu vinatutatiza kidogo. Vyako na vya kaka yako havielekei kuwa vya ndugu. Labda siku ile majina yalichanganyika?"

Damu ilinipanda. Nilimwambia kwamba kabla yeye hajaanza darasa la kwanza mimi nilikuwa nikibandika majina kwenye vichupa vya damu, na sijachanganya hata kimoja, si vya pacha, si vya wake wenza waliokuja siku moja na jina moja. Nilimwambia watafute kosa huko huko kwenye mashine zao. Akaniomba radhi, nikakata simu, nikatembea mpaka nyumbani jua la saa saba likiniwakia, nikiongea peke yangu njiani.

Mama alikuwa jikoni anapukusa mbaazi. Nikamwaga yote mbele yake: nesi wa miaka ishirini na sita, naambiwa nimechanganya damu yangu na ya kaka.

"Ati wasemani?" akauliza mama.

"Wanasema si za ndugu."

Mama akatupa ganda, akachukua jengine.

"Sasa zitakuwaje za ndugu, naye hakutoka tumboni mwangu?"

Nilikaa chini, pale pale kwenye kizingiti. Wala hakuniambia siri. Nililijua jambo lile tangu udogo wangu, na Msuka nzima inalijua. Mama yake kaka alikuwa jirani yetu, alifariki akimzaa. Baba yake alikuwa ameshakwenda Mombasa kutafuta maisha na hakurudi. Mama yangu ndio kwanza alikuwa amemzika mtoto wake wa kwanza, wa siku arobaini, na maziwa yanamtoka. Wakamletea yule mtoto ukumbini, akamtia kifuani, basi. Mimi nilizaliwa miaka sita baadaye na kumkuta kaka yuko, amekalia kigoda chake. Mwalimu wa shule alimwandika kwa jina la baba, kwa kuwa baba ndiye aliyempeleka, na hakuna aliyesahihisha.

Kwetu kunyonya ziwa moja si jambo dogo. Dini imemfanya kaka yangu kwelikweli: haozwi kwangu, hunikuta kichwa wazi, husafiri nami. Kumwita mtu ndugu wa kunyonya mbele yake, na hali amelelewa nyumbani, ni utovu wa adabu, na sisi tumefunzwa adabu. Mara moja tu sheria ilimtenga, baba alipofariki, maana maziwa hayarithishi mali. Lakini baba alikuwa amekwishaandika wasia mbele ya shehe, kaka akapata mikarafuu yake, na sote tukaiita fungu lake. Neno wasia halikutajwa tena.

Kwa hiyo nililijua, ndio. Nililijua na nikalisahau, kwa adabu hizo hizo. Nesi mzima, cheti kiko ukutani ndani ya fremu, nimemwandama mtu miaka yote hiyo juu ya moyo ambao hakuurithi na hawezi kuurithi. Nilimkasirikia daktari wa dakika tano, nikamkasirikia aliyetunga fomu, nikamkasirikia mama na mbaazi zake. Hasira ya kujikasirikia mwenyewe ilikuja mwisho na ndiyo iliyokaa.

Maana palikuwa na hesabu nyengine, rahisi mno. Mama alizaa wengine baada yangu, hawakuishi. Kama moyo wa baba umebaki kwa mtu katika nyumba ile, umebaki kwangu. Na mimi nilikuwa na mwaka mzima nikipanda kilima cha kwenda kituoni kwa kusimama mara mbili njiani, kifua kikinibana mpaka kwenye taya, na nikirudi nanywa tangawizi nikisema gesi. Mgonjwa angenieleza vile ningemgombeza kwa kuchelewa.

Nilimpigia msimamizi kumwomba radhi. Nikamwambia ni ndugu wa kunyonya. Nikasikia karatasi zikipinduliwa.

"Hatuna kisanduku cha hilo," akasema.

"Najua hamna."

"Basi tutamwondoa kwenye familia. Unaweza kumfuta kwenye nakala yako?"

Nilichukua kalamu nikampiga mstari kaka yangu. Niliukandamiza mpaka karatasi ikatoboka, na niliona uchungu kama niliyemtoa nje ya nyumba.

Majibu ya kawaida tulipewa, ya presha na ya ule uvimbe wa ndani. Ya vinasaba hayakuwa ya kugawiwa mtu mmoja mmoja, na msimamizi alinieleza kwamba hata yangegawiwa, kinasaba huonesha mlango ulio wazi, hakisemi nani atapita. Presha yangu ilikuwa juu, na alama ya uvimbe juu. Ya kaka ilikuwa presha ya kijana, na alipopimwa moyo kwa mashine ya watafiti ulikutwa safi. Nilimpelekea karatasi mwenyewe nikamwambia ana moyo mzima, ashukuru Mungu.

Alitukanika. Aliikunja karatasi mara nne.

"Mashine yao mbovu," akasema. "Baba naye alikuwa nzima mpaka asubuhi ile."

Hapo ningeweza kumwambia kwamba moyo wa baba haumhusu, na nikashindwa. Nilimwangalia na ile harufu yake ya thomu, nikaelewa kitu ambacho miaka yote kilinipita. Jina la baba alilipata kwa kosa la mwalimu, na mikarafuu kwa wasia. Ila woga huu aliupata vile mtoto anavyopata, bila ya kuandikiwa na mtu. Nilimpenda na nilitaka kumpiga, vyote pamoja.

Kwenda kwa daktari wa moyo, Unguja, alinisindikiza yeye, kwa kuwa ndiye maharimu wangu, mwanamume ambaye dini inaniruhusu kusafiri naye. Alivaa ile kanzu ya Idi. Mkoba wa karatasi zangu aliushika yeye, na kwenye boti aliwaeleza abiria waliotuzunguka habari za moyo wa kwetu kwa kirefu sana, hata mama mmoja akamwachia nafasi anyooshe miguu. Mimi, mgonjwa, nilisimama.

Daktari alikuwa kijana, mpole, amechoka. Aliangalia mistari ya mashine akasema haioneshi jambo la kutisha. Akauliza habari za familia. Nikamtajia baba, na umri wake, nikaona kalamu inasimama. Akauliza kama nina ndugu.

"Mie hapa," akasema kaka. "Kaka yake. Wa kwanza."

Daktari akamgeukia. Akamuuliza umri, kaka akasema hamsini na saba. Akamuuliza kama amepata kupimwa, na kaka, kwa shingo upande, akaitoa ile karatasi iliyokunjwa mara nne. Daktari akaisoma, uso ukamfunguka.

"Basi hii ni habari njema," akaniambia. "Mwanamume, mkubwa kuliko wewe, amepita umri aliofariki mzee, na moyo wake hauna kitu. Inaonesha huenda hilo la baba yenu halikushika sana kwenye uzao wenu. Tuanze na kupunguza chumvi, utembee kidogo kila siku, urudi baada ya miezi sita."

Nilijua hasa la kusema. Yalikuwa maneno matatu tu, na nilikuwa nayo mdomoni. Kaka amekaa kando yangu, mkoba magotini, kofia imenyooka. Nikajiambia nitarudi wiki ijayo peke yangu nimweleze daktari. Nikajiambia miezi sita si mingi. Katika upumbavu wote nilioufanya katika habari hii, ule ukimya ndio mkubwa, na niliufanya nikiwa na akili zangu zote.

Kaka hakusimama. Alikuwa ameinamisha kichwa anafikiri.

"Daktari," akasema. "Kwa hivyo mie ndo ninayemfanya aonekane nzima?"

"Kwa namna fulani, ndiyo mzee. Afya yako inatupa moyo."

Kaka akavua kofia, akaitazama ndani, akaivaa tena.

"Basi nifute. Mama yake kaninyonyesha tu, mamangu kafa akinizaa. Na yule aloanguka uani…" Akanyoosha kidole kwenye faili. "Yule si babangu. Andika hivyo."

Daktari akaniangalia mimi. Nikatikisa kichwa kukubali. Akavuta faili, akakata alichoandika, na safari hii aliuliza maswali upya, moja moja, mpaka la kilima na la taya. Alinipeleka kipimo kingine siku ile ile. Mshipa mmoja ulikuwa umebana vibaya. Hakukubali hata nirudi Pemba kuchukua nguo, nikalazwa.

Korido ya pale haina viti. Kaka alisimama ukutani, mimi kwenye kiti cha magurudumu nikingoja kupelekwa wodini.

"Ulijua?" akaniuliza. "Kuwa mie nampoteza daktari?"

"Nilijua."

"Ukanyamaza."

"Nikanyamaza."

Akaupachika mkoba wangu kwapani.

"Mpumbavu weye," akasema, kwa sauti ile ile ya baba alipokuwa akinikuta nimeacha karafuu zikinyeshewa.

Siku niliyorudi Msuka, mama alipika muhogo wa nazi na samaki changu wa kukaanga, vyote bila chumvi, kwa amri ya daktari. Nilitafuna muhogo ule kwa hasira. Nikaona si haki mtu mwengine ateseke bure, tena mtu niliyemgombeza kwa jambo hili nusu ya umri wangu. Nikachukua kopo la chumvi nikalisukuma mbele ya kaka.

"Wewe tia," nikamwambia. "Huna haja tena. Umesikia kwa masikio yako, moyo wako mzima."

Akalitazama lile kopo. Akaliinua, akampa mama akaliweke mbali, akavuta sahani yake.

"Sie kwetu hatuli chumvi," akasema, akaanza kula.